Jinsi ya Kugawa Nguvu ya Kura Baina ya Vyama Tanzu katika Muungano wa Kisiasa

Vyama vinapoketi kuunda muungano, mazungumzo huanza na nani atapeperusha bendera, yakahamia kwenye mgawo wa nyadhifa, na suala la nani atakuwa na kura ngapi katika baraza la muungano likaachwa hadi saa za mwisho, wakati kila mtu amechoka na wanahabari wanangoja nje kupiga picha. Kinachozaliwa hapo ni kifungu kimoja kifupi kisemacho kwamba maamuzi yatafikiwa kwa maafikiano na, yakikosekana, kwa wingi wa kura. Mwongozo huu umeandikiwa katibu mkuu, wakili wa chama au mjumbe wa kamati ya mazungumzo ambaye hataki kutia saini kifungu cha namna hiyo kabla hajajua chama chake kitakuwa na nguvu gani hasa siku maafikiano yatakapokosekana.

Jambo la kwanza kulishika ni kwamba idadi ya kura na nguvu ya kura ni vitu viwili tofauti. Chama chenye asilimia 20 ya kura za baraza kinaweza kuwa na robo ya nguvu yote, kinaweza kuwa na sehemu ya kumi tu, na kinaweza kukosa nguvu kabisa. Tofauti hiyo huletwa na kizingiti cha ushindi, yaani idadi ya kura zinazotakiwa ili hoja ipite, pamoja na ukubwa wa vyama vingine vilivyopo mezani. Anayepigania viti vya baraza bila kuuliza kizingiti ni kipi anapigania nusu tu ya mkataba.

Anza na sheria, kisha na orodha ya maamuzi

Nchini Kenya, Jedwali la Tatu la Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 linataka mkataba wa muungano uandikwe, uidhinishwe na vikao vya uongozi vya kila chama, na ueleze muundo wa muungano, kanuni na utaratibu wa kufanya maamuzi, fomula ya kugawana nyadhifa, fomula ya kugawana fedha, njia za kutatua mizozo na sababu zinazoweza kuuvunja. Mkataba huo huwekwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Sheria hailazimishi fomula yoyote. Inataka iwepo tu, na hilo huwafanya wengi waandike maneno ya jumla ili kutimiza wajibu. Tanzania ilichelewa zaidi katika jambo hili: UKAWA ya mwaka 2015, umoja wa upinzani uliowakutanisha Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, ilimsimamisha Edward Lowassa kuwania urais kupitia Chadema kwa sababu sheria ya wakati huo haikutambua muungano wa vyama, na ni marekebisho ya mwaka 2019 yaliyoweka utaratibu wa kisheria wa vyama kuungana. Mgawo wa majimbo ndani ya UKAWA ulitegemea kuelewana, na katika baadhi ya majimbo vyama vya umoja huohuo viliishia kusimamisha wagombea dhidi ya wenzao.

Kabla ya kugusa tarakimu, andikeni ni mambo gani baraza litayapigia kura. Kumteua mgombea urais si sawa na kuidhinisha bajeti ya mikutano ya hadhara. Kuachiana maeneo bunge, kupokea chama kipya, kumfukuza mwanachama, kugawa fedha zinazotoka katika Hazina ya Vyama vya Siasa na kurekebisha mkataba wenyewe ni maamuzi yenye uzito tofauti, na hakuna sababu ya kuyapa yote kizingiti kimoja. Ushauri wangu ni kutenga makundi mawili, au matatu kwa wingi: ya kawaida, mazito, na yale machache ambayo kila chama kina haki ya kuyazuia. Kundi hili la mwisho liwe dogo sana. Kurekebisha kifungu cha kura na kifungu cha fedha kunatosha.

Wajumbe wagawanywe kwa kigezo gani?

Kigezo kinachotajwa kwanza ni idadi ya wabunge, kwa sababu ni rahisi kuthibitisha. Kina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba kinatazama nyuma: chama cha UDA cha Kenya hakikuwapo kwa jina hilo katika uchaguzi wa mwaka 2017, ilhali mwaka 2022 ndicho kilichotoa rais, na kama vyama vya Kenya Kwanza, muungano uliomzunguka, vingegawana kura kwa matokeo ya uchaguzi uliotangulia, chama kikuu cha muungano huo kingeketi mkiani. Kasoro ya pili huonekana pale chama kimoja kinapokuwa kikubwa kupita vyote. Tuchukue vyama vinne vya kubuni, A chenye wabunge 81, B chenye 36, C chenye 16 na D chenye mbunge mmoja. Jumla ni 134, na wingi wa kawaida ni 68. Wajumbe wakifuata idadi ya wabunge, A kinapitisha kila hoja peke yake, na vyama vitatu vilivyobaki vinaitwa washirika kwa heshima tu.

Kigezo cha pili ni usawa wa chama kwa chama. Nchini Kenya mwaka 2002 kambi mbili zilizounda muungano wa NARC, yaani NAK na LDP, ziliahidiana mgawo wa nusu kwa nusu serikalini. Mgawo wa aina hiyo kati ya kambi mbili unaeleweka, lakini una maana moja ambayo haikwepeki: kila kambi inaweza kumzuia mwenzake, na pasipo mwamuzi aliyekubaliwa mapema, wanapokwama wanakwama kabisa. LDP ililalamika baada ya uchaguzi kwamba makubaliano hayakuheshimiwa, na baada ya kura ya maoni ya Novemba 2005, ambapo pande hizo mbili zilipiga kampeni dhidi ya kila mmoja, Rais Kibaki alivunja baraza la mawaziri na muungano ukawa umekwisha. Vyama vikiwa vingi, usawa huleta tatizo jingine. Azimio la Umoja One Kenya ilikuwa na vyama zaidi ya ishirini katika uchaguzi wa 2022, na vingine havikupata hata mbunge mmoja. Ukitoa kura moja kwa kila chama katika muungano wa namna hiyo, unamwalika kila mwanasiasa mwenye cheti cha usajili mkobani aje kuuza kura yake, na unavipa vyama vikubwa sababu ya kujigawanya kwa makusudi ili viongeze sauti.

Katikati ya vigezo hivyo kuna njia ambayo wanasiasa wetu hawaitumii sana, nayo ni kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa idadi uliyo nayo. Lionel Penrose, mwanasayansi wa Uingereza, aliipendekeza mwaka 1946 kwa ajili ya mabaraza ya kimataifa, na Poland iliipigania mwaka 2007 ndani ya Umoja wa Ulaya bila kufanikiwa. Chukua idadi ya wabunge wa kila chama, tafuta kipeuo chake cha pili, na hiyo ndiyo idadi ya wajumbe. Kwa vyama vyetu vinne tunapata 9, 6, 4 na 1, jumla wajumbe 20. Chama kikubwa bado ni kikubwa, lakini hakitawali peke yake. Naipenda njia hii kwa sababu moja ya kisiasa zaidi ya kihesabu: inaweza kuelezwa kwa wanachama katika mkutano mmoja bila mtu kuhisi kwamba amepunjwa kwa hila. Pale ambapo vyama vipya vipo, wabunge wabadilishwe na kigezo kingine kinachoweza kukaguliwa, kama idadi ya wanachama waliosajiliwa, na kipeuo kitafutwe kwa idadi hiyo.

Pima nguvu kabla ya kutia saini

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na inahitaji karatasi, kalamu na muda usiozidi saa moja. Mbinu hii hujulikana kwa jina la John Banzhaf, mwanasheria wa Marekani aliyeieleza mwaka 1965 alipochunguza bodi ya wasimamizi ya Kaunti ya Nassau, New York. Bodi ile ilikuwa na kura 115 na kizingiti cha 58. Wawakilishi watatu wakubwa walikuwa na kura 31, 31 na 28, aliyefuata alikuwa na 21, na wawili wa mwisho walikuwa na kura mbili mbili. Wawili wowote kati ya wale watatu wakubwa walitosha kupitisha hoja, na mmoja wao akiungana na wadogo wote alipata 56 tu. Basi mwenye kura 21, karibu moja ya tano ya kura zote, hakuweza kubadilisha matokeo ya kura yoyote. Alihudhuria vikao kama mtazamaji.

Utaratibu ni huu. Andika makundi yote yanayoweza kuundwa na vyama vilivyopo. Vyama vinne hutoa makundi 15, vitano hutoa 31, na vyama kumi hutoa 1,023, hivyo kwa muungano mkubwa mwombe kijana anayejua programu ya hesabu za jedwali akusaidie. Chagua makundi ambayo jumla ya kura zake inafika kizingiti. Katika kila kundi la ushindi, jiulize kuhusu kila chama: kikijiondoa, kundi litashindwa? Jibu likiwa ndiyo, kipe chama hicho alama moja. Ukimaliza, jumlisha alama zote, kisha tazama kila chama kimepata sehemu gani ya jumla hiyo. Sehemu hiyo ndiyo nguvu yake.

Turudi kwa wajumbe 9, 6, 4 na 1, kizingiti kikiwa wingi wa kawaida wa kura 11 kati ya 20. A na B wana 15, A na C wana 13, na hayo ni makundi ya ushindi. A na D wana 10 tu, hawatoshi. B, C na D kwa pamoja wana 11 kamili, wanatosha bila A. Ukiongeza makundi ya vyama vitatu yenye A pamoja na kundi la vyama vyote vinne, alama zinakuwa 5 kwa A, 3 kwa B, 3 kwa C na 1 kwa D, jumla 12. Kwa hiyo C chenye wajumbe wanne kina nguvu ileile ya B chenye sita, robo kwa kila kimoja. Wajumbe wawili ambao B aliwapigania usiku kucha hawakumletea chochote.

Sasa mtu apendekeze kizingiti kipandishwe hadi 12, kwa hoja kwamba kura 11 ni chache mno. Pendekezo hilo linasikika la busara na hakuna atakayelipinga. Lakini B, C na D wana 11 tu, kwa hiyo hakuna tena kundi la ushindi lisilo na A, na A amepata kura ya turufu bila kuiomba. Alama zinakuwa 6 kwa A, 2 kwa B, 2 kwa C, na D hana hata moja: mjumbe wake anaweza kukaa nyumbani. Pandisha tena hadi theluthi mbili, yaani kura 14. A na C hawatoshi tena peke yao, wanamhitaji D. Alama ni 5 kwa A, 3 kwa B, 1 kwa C na 1 kwa D. C ameshuka kutoka robo ya nguvu hadi sehemu ya kumi, sawa na chama chenye mjumbe mmoja. Vyama vidogo na vya kati hudai theluthi mbili kwa kuamini kwamba kizingiti kikubwa huwalinda, na wakati mwingine huwalinda kweli, ila katika mfano huu aliyelindwa ni A, huku C akilipia gharama.

Kuna wanaopenda sharti la pande mbili, yaani hoja ipate wingi wa kura na pia iungwe mkono na vyama kadhaa. Umoja wa Ulaya hutumia sharti la namna hiyo tangu Novemba 2014: asilimia 55 ya nchi, zenye angalau asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Ni wazo zuri, lakini lipimwe pia. Ukisema katika mfano wetu kwamba hoja ipate kura 11 na vyama vitatu kati ya vinne, kila kundi la vyama vitatu linazo kura 11 au zaidi. Maana yake uzito wa kura umefutwa, vyama vyote vinne vimekuwa sawa, na wajumbe tisa wa A wana kazi ileile ya mjumbe mmoja wa D. Huenda hilo ndilo mnalotaka. Lisitokee kwa bahati mbaya tu.

Wala msidhani makosa haya ni ya watu wasiojua hesabu. Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ilipoanza mwaka 1958, Ufaransa, Ujerumani Magharibi na Italia zilipewa kura nne kila moja, Ubelgiji na Uholanzi mbili, Luxembourg moja, na kizingiti kikawa 12 kati ya 17. Kura za nchi nyingine zote zilikuwa za shufwa, hivyo jumla yao haikuweza kamwe kuwa 11 ili kura moja ya Luxembourg iwe na maana.

Asilimia sitini ya nini?

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Afrika Kusini, na kila mwandishi wa mkataba angepaswa kuusoma kwa makini. Baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Mei 2024, chama cha ANC kilibaki na viti 159 kati ya 400, kikaunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa pamoja na DA chenye viti 87, IFP chenye 17 na vyama vingine vidogo saba, jumla vyama kumi vyenye viti 287. Tamko lao la pamoja lilisema kwamba pasipo maafikiano kamili yatatosha maafikiano ya vyama vinavyowakilisha asilimia 60 ya viti vya Bunge. Mara swali likazuka: asilimia 60 ya Bunge zima, au ya viti vya vyama vilivyomo serikalini?

Fanya hesabu zote mbili uone. Asilimia 60 ya viti 400 ni 240. ANC na DA wana 246, wanatosha. Ukiwatoa DA, vyama tisa vilivyobaki vina viti 200, havitoshi. Ukiwatoa ANC, vilivyobaki vina 128. Kwa tafsiri hiyo ANC na DA ndio wenye nguvu yote, nusu kwa nusu, na vyama vingine vinane havina kitu, IFP na viti vyake 17 ikiwa miongoni mwao. Lakini asilimia 60 ya viti 287 inahitaji viti 173. ANC na IFP wana 176, wanatosha bila DA. ANC inabaki na kura ya turufu, DA inaipoteza, na IFP, iliyokuwa sifuri dakika moja iliyopita, inakuwa mshirika anayetafutwa. Hakuna kiti kilichohama wala asilimia iliyobadilika.

Kisa hicho kina upande mwingine. Mnamo Aprili 2025 DA walipiga kura kupinga mfumo wa bajeti uliohusisha nyongeza ya kodi ya ongezeko la thamani, na mfumo huo ukapita bungeni kwa kura 194 dhidi ya 182 kwa msaada wa ActionSA, chama kisichokuwa serikalini. Nguvu iliyogawanywa ndani ya muungano huishia pale mshirika mkubwa anapoweza kupata kura nje. Kwa hiyo mkataba useme waziwazi kama vyama tanzu vinafungwa bungeni na uamuzi wa baraza, na kama chama kinaruhusiwa kutafuta kura za nje kabla ya hoja kupitia kwenye baraza hilo. Mkataba usiosema hivyo unagawa nguvu ambayo haipo.

Mianya ya maneno madogo

Amueni kama kizingiti ni cha kura zote za baraza au cha kura zilizopigwa. Kikiwa cha kura zilizopigwa, chama kinachosusia kikao kinawapunguzia wapinzani wake kazi. Kikiwa cha kura zote, kususia ni sawa na kupinga. Napendelea cha pili kwa maamuzi mazito, mradi akidi isiwe juu kiasi cha kukipa chama kimoja uwezo wa kuvunja kikao kwa kutotokea. Semeni pia kama wajumbe wa chama wanapiga kura kwa pamoja au kila mmoja kwa dhamiri yake, kwa kuwa hesabu zote za hapo juu zinachukulia kwamba chama kinasimama pamoja. Wajumbe tisa wanaoweza kugawanyika tano kwa nne ni kitu kingine kabisa. Mwenyekiti mwenye kura ya uamuzi kura zinapofungana ni mjumbe wa ziada wa chama anachotoka, naye ahesabiwe hivyo.

Msichanganye mgawo wa kura na mgawo wa vyeo. Mkataba wa Kenya Kwanza wa mwaka 2022 uliwaahidi ANC ya Musalia Mudavadi (Amani National Congress ya Kenya, si ile ya Afrika Kusini) na Ford-Kenya ya Moses Wetang'ula asilimia 30 ya serikali. Ahadi ya namna hiyo hutimizwa na mwenye mamlaka ya kuteua, wala haimpi mshirika sauti juu ya sera ya siku inayofuata. Fedha nazo ziwe na kifungu chake. Ndani ya NASA, muungano wa upinzani wa Kenya, mzozo wa fedha za Hazina ya Vyama vya Siasa uliendelea kuwatenganisha ODM na washirika wake miaka kadhaa baada ya uchaguzi wa 2017.

Mwisho, wekeni siku ya kupima upya: baada ya kila uchaguzi mkuu, baada ya chama kuingia au kutoka, na pale ambapo chaguzi ndogo au wabunge wanaohama zimebadilisha idadi iliyotumika kwenye kigezo. Chama kimoja tu kikitoka, nguvu za wote waliobaki hubadilika, hata kama kura zao hazikuguswa. Chama D kikiondoka katika mfano wetu na kizingiti kikabaki 11, B na C wana kura 10, A hawezi tena kuzidiwa, na hakuna aliyepiga kura kuamua hivyo. Jedwali la makundi yote, likiwa na alama za kila chama kwa kila kizingiti, liambatishwe kwenye mkataba kama nyongeza, litiwe saini na makatibu wakuu wote pamoja na mkataba wenyewe, na nakala yake ibaki katika ofisi ya kila chama ili mjumbe mpya atakayeteuliwa miaka miwili baadaye aikute hapo.